Wimbo wa Shangazi Umepata Mwenyewe

Mimi domo langu halina breki, na safari hii limemponza asiye na kosa.

Shangazi yangu, pale Makorora, Tanga, ndiye anayeimba bibi harusi akitolewa nje. Wimbo ni ule ule aliourithi kwa mama yake, ila kila harusi huupachikia ubeti mpya wa kumtania bibi harusi huyo, watu wakavunjika mbavu. Mwaka jana nilimrekodi, nikaweka midundo ya kompyuta chini ya sauti yake, nikaurusha mtandaoni. Kwanza nilimpelekea halua kumwomba ruhusa, kama adabu inavyotaka. Akasema, "Chukua mwanangu, hata mimi niliuchukua."

Mwezi uliopita wenye mtandao wakaniletea notisi: wimbo una mwenyewe. Msanii mmoja kausajili kwa jina lake. Kumbe yeye aliuokota harusini Mabawa, kwa kuurekodi na simu! Fomu ya kujitetea ikauliza kama kazi ni yangu. Sasa mtu aliyelelewa Tanga atadaije wimbo wa bibi yake? Haya usoni ningeiweka wapi? Nikaandika kwa herufi kubwa: SI WANGU, NI WA WAZEE WETU, NIMEUAZIMA TU. Nikajiona nimewaweza. Wakajibu kwamba nimekiri mwenyewe, wakaufuta, wakaonya kuwa atakayeutumia bila kibali atashtakiwa.

Hapo ningenyamaza. Wapi! Nilikwenda mbio kwa shangazi, hata shikamoo sikuitoa sawasawa, nikamsomea barua yote huku nikilaani. Alikuwa anakuna nazi. Akaacha.

"Atashtakiwa nani?"

"Yeyote, shangazi."

"Hata mimi?"

Nikasema hapana, haiwezekani. Lakini sheria siijui, na sauti ilinitetemeka, akaisikia. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilimuuliza jamaa mmoja mwanasheria, akaniambia inategemea. Inategemea nini, jamani?

Jumamosi ikawa harusi ya mjukuu wa shangazi. Bibi harusi akatolewa, vigelegele vikapaa, shangazi akasimama akaanza. Nikashusha pumzi. Mara mgeni mmoja akainua simu kumrekodi. Shangazi akaiona, akakata katikati ya neno, akaketi. Tukamsihi, akatikisa kichwa tu.

Mjukuu wake akaingia garini bila wimbo. Wa kwanza katika ukoo wetu.