Majani ya Mlimani

Nilimsukumia bwana mifugo fungu la majani kifuani nikamwambia, "Kula. Kula nikuone."

Ng'ombe wangu alikuwa amelala ubavu hapo uani, miguu inatetemeka, na bwana mifugo ndiyo kwanza ametoka kusema, "Mama, nyinyi wanawake wa huku ni wavivu. Ng'ombe hammpi maji, halafu mnalilia serikali."

Maji! Ziwa liko chini ya shamba langu.

Ilikuwa miaka ya sabini, kiangazi kibaya, upande wetu wa Bondo. Bwana mifugo huyohuyo ndiye aliyetuambia barazani tuache majani ya kinamasini, tukakate ya mlimani, kwa sababu yalibaki mabichi hata jua likipasua ardhi. Nikakata, nikabeba kichwani, mtoto mgongoni. Maziwa yangu mwenyewe yalikuwa yamekauka baada ya homa, kwa hiyo mtoto aliishi kwa huyo ng'ombe mmoja. Ng'ombe akaanza kuyumba kama mtu aliyelewa chang'aa. Kisha chuchu zikakauka. Mtoto akabaki na uji mwepesi na kilio.

Mama mkwe alikuwa na jibu lake. Kwetu mke mdogo kama mimi hapandi wala havuni kabla ya mikayi, yule mke mkubwa. Akivunja mwiko, laana ya chira inaingia bomani, watu na mifugo wanakonda. Mila hiyo naiheshimu. Lakini ni ya mbegu na mavuno! Yeye akaivuta mpaka kwenye majani.

"Ulitangulia mlimani kabla ya mikayi."

"Mama, mikayi hana ng'ombe."

"Si ndiyo sababu ungemngoja?"

Sasa mjibu mtu kama huyo.

Siku hizohizo alipita kijana wa chuo kutoka Nairobi, akikusanya majani ya mwitu mlimani na kinamasini. Nikamwonyesha ng'ombe. Akachuna bua moja la mlimani, akaweka hadubini yake juu ya kinu changu, akaniita nichungulie. Nikaona nyuzi nyembamba zimejipenyeza ndani ya jani.

"Ni kuvu, mama. Inaishi humo na jani haliugui. Jani linailisha, nayo inalisaidia kustahimili ukame. Pengine inaweka na sumu, mlaji akimbie. Majani hayohayo yakiota kinamasini, nimeikuta kwa nadra."

"Ndiyo iliyomwangusha ng'ombe?"

"Siwezi kuapa. Ndiyo maana, kabla ya baraza lenu, nilimwomba bwana mifugo asitangaze kitu mpaka tupime."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema ukungu ni wa mahindi ghalani."

Kwa hiyo alijua. Alijua, akatutuma mlimani, kisha akaja kwangu kuniita mvivu. Majani niliyomsukumia hakula. Alijipangusa shati, akapanda baiskeli yake, akasema nina kichwa kigumu.

Nikambeba mtoto mpaka Kisumu, kwa mkubwa wa bwana mifugo. Karani akauliza kama nimekuja kuomba dawa. Nikamwambia siombi kitu, nashtaki, anipe karatasi. Niliandika hivi:

"Afisa wako alituamuru tulishe majani ya mlimani baada ya kuonywa kwamba yana kuvu ndani na hayajapimwa. Ng'ombe wangu hana maziwa. Mtoto wangu ana njaa, yuko hapa, mtazame. Nataka majani hayo yapimwe. Nataka mtoto apatiwe maziwa mpaka ng'ombe apone. Nataka afisa huyo asimame barazani, mama mkwe wangu akiwa amekaa mbele, aseme kwamba ni yeye aliyetutuma. Na asikanyage tena boma langu."