Bomba Lililopita Uani kwa Mama Mkwe

Wenye viwanja walimwita Nyundo, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa katika kikosi cha wapima ardhi, kazi yake kugongelea vigingi kila mpimaji alipomwonyesha. Mji ulikuwa umelizidi nguvu bwawa lake la zamani, mabomba yanatoa upepo siku nne kwa wiki, kwa hiyo maji ghafi yakabidi yavutwe kutoka mto wa mbali hadi kwenye mitambo ya kusafishia. Popote bomba lilipopita, nyumba ilivunjwa. Kwa miezi saba Nyundo alitukanwa, akaachiliwa mbwa, akamwagiwa maji ya vyombo. Alizoea.

Kisha mstari ukafika kwa mama mkwe wake, mama wa mumewe, mjane aliyeshonea nguo dirishani. Mpimaji akaonyesha uani, baina ya jiko na mlango. Mama mkwe, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani, alisema mkamwana mwenye adabu angesogeza kidogo. Lakini kusogeza kulimaanisha kuvunja nyumba ya jirani, kinyozi, na kinyozi mwenyewe alikuwa amesimama kwenye ua, mikono kifuani, anangoja kuona damu itakuwa nzito kiasi gani. Nyundo akagongelea.

"Kwa hiyo umeamua," mama mkwe alisema.

"Nimeonyeshwa, Mama."

"Mkono ni wako."

Kesho yake vigingi vilikuwa vinawaka chini ya sufuria. Nyundo akagongelea vingine. Navyo vikapikiwa chai. Mara ya tatu alimweleza mkubwa wake, na askari wawili wakaenda kumwonya mjane mbele ya wateja wake. Mume wa Nyundo, fundi baiskeli mpole kupita kiasi, aliposikia kwamba mkewe amemwitia mama yake polisi, alibeba mto akahamia sebuleni. Hakurudi chumbani hadi nyumba ya mama yake ilipovunjwa na mama akahitaji kitanda cha sebuleni.

Mama mkwe alikuja na cherehani, akalitwaa dirisha pekee lenye mwanga. Tangu hapo hakumsemesha Nyundo.

"Mwambie mkeo chumvi imezidi," alimwambia mwanawe, Nyundo akiwa amekaa mkabala naye, wanachota sahani moja.

Bomba lilipokamilika, majirani wa zamani wa mama mkwe waliomba walau koki moja. Walijibiwa kwamba yale ni maji ghafi, hayanyweki mpaka yasafishwe mjini. Wakaendelea kwenda kisimani, wakilivuka bomba kwa ndoo kichwani.

Mjini, kwa Nyundo, maji sasa yalitoka kila siku. Asubuhi moja alimwekea mama mkwe ndoo ya kuogea mlangoni. Mama mkwe akaimwaga kizingitini, maji yakamlowesha Nyundo viatu vya kazi. Hapo ndipo alipomsemesha, baada ya mwaka na ushei.

"Haya yametoka uani kwangu. Siyaogi."

Nyundo hakujuta. Kama angeonyeshwa tena uani pale, angegongelea tena, na alimchukia bibi yule kwa kulijua hilo.

"Basi utanuka, Mama," akasema, akaijaza ndoo upya, akaitua palepale, akaenda kazini na soksi zimelowa.