Mashine Moja, Wasichana Wawili

Barua ya shule ya sekondari ilisomwa na kaka yangu jikoni kwetu Karatu, sauti ikimpanda kwa furaha mpaka akafika mstari wa mwisho. Hapo akasita.

"Soma," baba akasema.

"Inasema aripoti na mashine yake ya kuandikia nukta nundu. Mashine inatolewa na serikali, akaichukue ofisi ya elimu ya mkoa, Arusha."

Surua ilinipofua nikiwa na miaka minne. Nilisoma hadi darasa la saba katika shule ya wasioona, nikiandika kwa kibao cha chuma na kimsumari, natoboa karatasi nukta moja moja. Mashine niliwahi kuigusa mara mbili tu, ile ya mwalimu. Na siku za kuripoti zilibaki tisa.

Ndani ya basi, tangu lilipoanza kuteremka mlima kuelekea Mto wa Mbu, nilimsikia baba akipapasa barua mfukoni kila mara, kama vile ingeweza kuruka nje.

"Baba, wakisema zimekwisha?"

"Serikali imeahidi, mwanangu."

Alipojibu hivyo mara ya tatu niliacha kuuliza.

Kwenye benchi la ofisi tulikuta mama na binti yake kutoka Endulen. Nilisikia shanga za mama zikigongana, na nguo zao zilinukia moshi na maziwa. Binti naye alikuwa haoni, naye amechaguliwa shule ileile. Tukashikana mikono. Wake ulikuwa baridi kama wangu.

"Umeambiwa mashine ziko ngapi?" akaninong'oneza.

"Sijui."

Mwenye ofisi alikuwa mama wa sauti ya taratibu. "Wazazi, niwe mkweli. Serikali ilitenga fedha za mashine mbili. Zinaagizwa nje, na fedha za kigeni zimetosha moja. Nyingine itakuja, lini sijui. Mkuu wa shule amekubali kuwapokea wote, ila mmoja aanze na kibao." Akatugeukia sisi. "Mabinti, nani ana mkono mwepesi wa kibao?"

Shuleni kwetu hakuna aliyenishinda. Mwalimu alikuwa akinipa kazi ya kuwanakilia wenzangu. Lakini nilikwisha sikia habari za sekondari: masomo mengi, walimu wasiomngoja mtu.

"Mimi ni wa polepole," nikasema.

Baba hakujua lolote kuhusu kibao.

"Basi mimi nitatumia kibao," akasema binti wa Endulen.

Baba aliipakata mashine ile nzito njia nzima hadi nyumbani, akiwaeleza abiria kwamba ni ya serikali na ni ya binti yake. Mimi sikuweza kula chochote.

Darasani mimi na binti wa Endulen tuliketi dawati moja. Mwalimu wa historia alisoma maelezo kwa haraka. Vitufe vyangu sita vilimfuata, kengele ya mashine ikilia kila mwisho wa mstari. Pembeni yangu kimsumari kilihangaika, tok, tok, kisha kikakata tamaa. Jioni mwenzangu alisoma kurasa zangu kwa kidole na kuzinakili hadi kengele ya kulala. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonitesa. Kila mgeni aliyeingia shuleni nilidhani ametoka shule yangu ya zamani na atasema, "Huyu ndiye bingwa wetu wa kibao."

Wiki moja kabla ya mtihani wa muhula nilishindwa kuvumilia.

"Nilidanganya kule ofisini," nikamwambia. "Kibao nakiweza."

Kidole chake kilisimama juu ya karatasi. "Unakiweza kiasi gani?"

"Sana."

Nilingoja anitukane, au ainuke aende kwa mkuu wa shule.

"Basi kesho nipe mashine," akasema. "Wewe shika kibao."

Nikampa. Mtihani ule aliufanya kwa mashine, mimi nikatoboa kwa kimsumari. Baada ya hapo tukapeana zamu, wiki yake na wiki yangu.

Mashine ya pili ilifika tukiwa kidato cha tatu. Mpaka wakati huo kidole changu kilikuwa kimeota sugu, na kwenye historia mwenzangu alikuwa amekwisha nipita kwa mbali.