Barua Tatu kwa Kaylin Sizemore

Kila mwanzo wa Desemba majalada yaliyotimiza miaka saba hutolewa kwenye kabati la chuma na kupangwa sakafuni katika ofisi ya Glenna Stidham, chini kabisa ya jengo la utawala la chuo. Ijumaa huja lori la kampuni inayosaga karatasi. Fomu ya kuyaondoa inataka namba ya jalada, tarehe na sahihi ya mratibu, basi. Hakuna anayemtaka ayasome. Glenna huyasoma yote tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu kwake kufanya vinginevyo ni kama kumzika mtu bila kumtazama uso.

Ndivyo alivyo. Ni binti wa mchimba makaa ya mawe na mpishi wa shule. Aliingia chuoni hapo akiwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa wa ofisi ya usajili, akasoma jioni kwa miaka tisa mpaka akapata shahada. Sasa ana miaka hamsini na minane na ndiye anayeratibu haki za raia kwa chuo kizima. Mwanafunzi aliyenyimwa mtihani kwa sababu ya Sabato yake, mfagizi anayetukanwa kwa rangi yake, kiziwi aliyekosa mkalimani, wote huishia kwenye kiti kilicho mbele ya meza yake. Walimu humwogopa kidogo na kumtania sana. Kila Agosti anapokwenda kuwafundisha kanuni, lazima mmoja anong'one, "Kaeni wima, Musa ameshuka na mbao zake." Yeye hucheka nao, kisha huzungusha karatasi ya mahudhurio, na asiyetia sahihi hatoki.

Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, alilifikia jalada la Kaylin Sizemore.

Alimkumbuka kabla hajalifungua. Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu, amevaa koti la kijani ambalo vifungo vyake havikufungika tena tumboni. Alibisha mlango kwa ukucha, mara tatu, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Mwalimu wake wa mazoezi ya hospitali alikuwa amemwambia kwamba siku anazokwenda kliniki ya wajawazito zitahesabiwa utoro, na kwamba achague moja, mtoto au sare.

"Sitaki afukuzwe, bibi," Kaylin alisema siku ile. "Nataka kumaliza tu."

Glenna aliandika yote aliyoambiwa, akamwahidi. "Nitakuletea maelezo haya uyatie sahihi, mwanangu. Ukishatia, kazi inaanza."

Sahihi haikuja. Glenna alimtumia barua pepe tatu, kila baada ya siku kumi kama kanuni ilivyotaka, kisha akagonga muhuri: *Mlalamikaji hakujibu. Limefungwa.* Kwa miaka saba alijiambia kwamba binti yule aliogopa, au alibadili nia, kama wengi wafanyavyo. Lakini hakumtoka akilini. Akiona koti la kijani dukani, Glenna aliacha unga na maharage yake kwenye kitoroli akamfuata mwenye koti mpaka amwone uso. Hakuwa Kaylin hata siku moja.

Sasa alifunua ukurasa wa sita akasimama. Ilikuwa fomu ya kuacha masomo, imetobolewa matundu mawili na kupangwa mahali pake kwa mkono wa Glenna mwenyewe. Tarehe kumi na nne Oktoba. Barua yake ya kwanza kwa Kaylin ilikuwa ya tarehe ishirini na tisa.

Akampigia simu Marvin Tackett wa idara ya kompyuta, ambaye alianza naye kazi mwaka mmoja.

"Marvin, mwanafunzi akiacha chuo, anwani yake ya barua pepe inafungwa baada ya siku ngapi?"

"Kumi. Kwani vipi, Bi Glenna, unatutoroka?"

"Na barua inayokuja baada ya hapo, inarudi kwa aliyeituma?"

"Siku hizi inarudi. Zamani ilikuwa inamezwa tu. Mfumo ule ulikuwa kama shemeji yangu, unampa kitu na hata asante huisikii." Marvin akacheka peke yake. "Bi Glenna? Upo?"

"Nipo," alisema. "Hivi nilikuwa namwandikia nani, Marvin?"

Alasiri hiyo ukucha ulibisha mlangoni. Mara tatu, taratibu. Glenna akasema karibu, akangoja, akainuka kufungua. Korido ilikuwa tupu mpaka mwisho, inanuka nta ya sakafu. Alhamisi asubuhi ulibisha tena. Safari hii hakusema karibu. Alikaa mikono ikiwa juu ya jalada, akasikiliza hadi ukaacha, kisha akavaa koti akapanda ghorofa ya tatu kwa mwanasheria wa chuo.

Bwana Prewitt alimsikiliza huku akimenya chungwa.

"Glenna, hilo jalada limetimiza miaka saba?"

"Wiki iliyopita."

"Na kanuni inasema liende wapi?"

"Likasagwe."

"Sasa wewe, mtu wa kanuni kuliko sisi sote, umekuja kuniuliza nini?"

"Linasema uongo, Bwana Prewitt. Linasema alinyamaza. Sisi ndio tuliomwandikia kwenye anwani tuliyoifunga wenyewe."

"Kesho halitasema chochote. Litakuwa vumbi." Alifuta vidole kimoja kimoja. "Usiandike jambo ambalo hujaulizwa. Umebakiza miezi kumi na minne kufikia pensheni kamili, na sipendi mtu aanze kukuuliza maswali sasa. Yule mwalimu keshastaafu, tulimpa hata saa ya ukutani. Waache watu wapumzike."

Glenna alishuka ngazi akijua vizuri alichoambiwa. Akinyamaza, karatasi pekee zinazoonyesha kwamba Kaylin Sizemore alikuja kudai haki yake zingeondoka na lori, na neno la mwisho juu yake lingebaki kuwa hakujibu. Akisema, kosa lingekuwa na jina lake chini.

Ndani ya jalada mlikuwa na namba ya simu ya mama yake Kaylin. Ilikuwemo siku zote. Hakuwahi kuipiga, maana kwa kanuni ile simu haikuhesabiwa kuwa taarifa. Sasa akaipiga.

"Kaylin yuko kazini," mama alisema. "Wewe ni wa hospitali?"

"Hapana, mama. Ni wa chuo."

"Chuo. Mmechelewa kidogo, si ndiyo?" Lakini namba ya binti yake alimpa.

Kaylin alikuwa anafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, wilaya ya jirani. Nyuma yake mashine zilinguruma, ikabidi Glenna apaze sauti kusema jambo ambalo angependa kulisema taratibu. Alilisema lote: fomu, tarehe, barua tatu, muhuri.

"Nilijaribu kuifungua ile anwani ikanikataa," Kaylin alisema. "Nikadhani mtatumia posta. Nilikuwa nashuka na tumbo langu mpaka kwenye sanduku la barua la barabarani, kila siku, theluji na yote. Mama alisema nitajifungulia pale."

"Mbona hukunipigia, mwanangu?"

"Ukingoja mpaka Krismasi hujaambiwa kitu, bibi, umeshaambiwa."

Glenna alilivuta jalada karibu na simu.

"Nisomee kilichoandikwa," Kaylin alisema.

Akamsomea. Mashine moja nyuma yake ikakoma, na sauti yake ikaja karibu ghafla.

"Lakini mimi ndiye niliyekuja. Nilikuja mwenyewe. Nilitapika kwenye choo chenu kabla ya kuingia, na bado nikaingia."

"Ndiyo. Uliingia."

"Sasa umenipigia ili iweje? Nikusamehe?"

"Hapana. Wanataka lisagwe kesho. Nikilifungua upya, halisagwi. Mwalimu ataitwa, wewe utaitwa, watakuuliza mambo ya miaka saba iliyopita kama ya jana. Huenda ukapewa nafasi yako ya masomo, huenda usipewe kitu. Siwezi kukuahidi chochote tena."



"Nina wazee wanane hapa nawageuza usiku kwa sababu wauguzi hawatoshi," Kaylin alisema. "Nawageuza kwa jinsi yule mwalimu alivyonifundisha. Alikuwa anajua kazi, unajua? Hilo ndilo linaloniudhi." Akavuta pumzi. "Lifungue. Wakinipa, wakininyima, lifungue. Sikunyamaza mimi."

"Nitakutumia nakala kwa posta. Na nitakupigia."

"Piga tu," Kaylin alisema, akakata.

Glenna hakutumia kompyuta. Alichukua karatasi yenye nembo ya chuo akaandika kwa kalamu: *Mlalamikaji hakunyamaza. Ofisi hii ilimwandikia mara tatu kwenye anwani ambayo chuo kilikuwa kimekwisha kuifunga, na fomu iliyoonyesha hivyo ilikuwamo ndani ya jalada. Kosa ni la mratibu. Jalada limefunguliwa upya, lisiharibiwe.* Akatia sahihi, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, akatoboa matundu mawili. Nakala moja aliitia kwenye bahasha ya Kaylin. Nyingine aliipandisha mwenyewe ghorofa ya tatu.

Bwana Prewitt aliisoma amesimama. Aliisoma tena.

"Jumatatu saa tatu, kwa makamu wa rais wa chuo," alisema hatimaye. "Njoo na mtu wa kukaa nawe, Glenna. Nakwambia hivyo kama rafiki."

"Nimeelewa."

Aliporudi chini, wenzake walikuwa wamekwenda kula. Majalada yaliyobaki yalikuwa yamejipanga sakafuni, tayari kwa lori la kesho. Kumi na moja kati yake yalikuwa na muhuri ule ule aliougonga yeye. Alifunga mlango, akapiga magoti kwenye zulia, akavuta la kwanza. Lilikuwa la kijana wa uhandisi, kiziwi, aliyeomba mkalimani. Hata sura yake hakuikumbuka. Akafunua ukurasa mmoja mmoja kutafuta fomu ya kuacha masomo, huku akiomba isiwemo.

Ilikuwemo. Tarehe tatu Machi. Akalamba kidole, akafunua kutafuta tarehe ya barua yake ya kwanza.