Maziwa Juu ya Kompyuta

Nilikuwa na cheti cha miezi mitatu kutoka Malindi na kiburi cha miaka kumi. Kompyuta niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, katika chumba cha mbele mjini Garsen, mwaka uliofuata zile mvua za El Niño. Vipuri nilivitoa Mombasa. Aliyeniwezesha ni mama, aliyeuza mtamba mmoja katika ng'ombe wachache waliosazwa na mafuriko, ili mwanawe afungue duka la kupiga chapa na aache kuzurura.

Siku ya kuiwasha alikuja kwa miguu kutoka bomani kwetu na kibuyu cha maziwa. Kwetu sisi Waorma, kwa wazee wa umri wake, kitu kipya hakianzi kazi bila dua na maziwa. Mimi nilikuwa nje nikivuta waya wa umeme kutoka kwenye jenereta ya mwenye duka jirani. Mama akaomba dua yake, akachovya vidole, akanyunyiza matone kwenye kasha la kompyuta. Niliporudi niliyaona juu ya bati. Nikayafuta kwa mkono wa shati, nikabonyeza swichi mbele ya majirani waliojazana mlangoni.

Feni ilizunguka kidogo ikasimama. Skrini ilibaki nyeusi. Nikabonyeza tena, mambo ni yaleyale. Nikachomoa memori na kuichomeka upya, nikabadilisha waya, nikamfokea mwenye duka kwamba jenereta yake imechoka. Naye akaenda kuwasha friji yake ya soda, ikanguruma vizuri tu. Mtu mmoja akacheka. Hapo nikapandwa na mori.

"Ni maziwa," nikasema. "Mama, umeniulia mashine."

"Ni matone tu, mwanangu. Ni baraka."

"Baraka gani hizo za kishamba? Hili si zizi la ndama. Usiguse tena kitu changu."

Nilimwambia hayo mama mzazi, mbele za watu. Majirani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Mama alikifunika kibuyu chake, akashika njia ya bomani. Nilimwona akienda na sikumwita.

Siku ya tatu nilipanda basi la Malindi, lile la kusindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi, nikiwa nimelipakata kasha. Fundi aliyenifundisha alilifungua, akachungulia chini ya ile bodi kubwa inayochomekwa vitu vyote, kisha akaniangalia.

"Vinguzo viko wapi?"

"Vinguzo gani?"

"Vile vidogo vya shaba. Bodi hailazwi juu ya bati, bwana mdogo. Umeme unavuja kwenye bati, mashine inajizima isiungue. Hili nililifundisha wiki ya kwanza."

Vilikuwa Garsen, ndani ya kifuko cha nailoni kwenye droo. Nilidhani ni vya akiba. Akatafuta vyake, akavifunga chini ya bodi, na kompyuta ikalia mlio mmoja ikawaka.

"Na maziwa je?" nikauliza.

Akamulika tochi kila pembe. "Maziwa gani? Humu ndani hata vumbi hakuna."

Nyani haoni kundule. Njia nzima ya kurudi nilijipangia maneno ya kumwomba mama radhi, na kadiri Garsen ilivyokaribia ndivyo yalivyopungua. Ningekirije mbele ya majirani walewale kwamba msomi wao alisahau somo la wiki ya kwanza? Mama alikuja siku ya soko, akanikuta nikimpigia mtu barua, na wengine wawili wakingoja zamu. Hakuingia. Alisimama nje.

"Wameyatoa yale maziwa?"

"Wameyatoa," nikasema.

"Alhamdulillahi. Nisamehe, mwanangu."

Nikamsamehe. Nilimsamehe kwa sauti, wateja wakisikia, na nikaendelea kupiga chapa. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, lakini hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, na aibu yake haijapungua hata chembe.

Alipozaliwa binti yangu wa kwanza, mama alikuja kumwona. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akaniuliza kama anaruhusiwa kumshika.