Nilienda Msituni Kulia

Krismasi ya Kampala ukitaka kuijua, usiende kanisani. Simama tu nje ya mlango wa muzigo wako, hicho chumba kimoja cha kupanga, hapa Bukoto, umwangalie jirani anavyofukuzana na kuku aliyemnunua mwenyewe. Kuku anamshinda. Mtu mzima, ana kitambi, ana simu mbili, anashindwa mbio na kuku mwenye kamba mguuni. Na huyo huyo jioni ataweka spika dirishani, dirisha lake linatazama langu, ili na mimi nijue kwamba amefurahi.

Watoto wamevaa miwani ya plastiki na suti ambazo zitawatosha baada ya miaka mitatu. Wenye magari wameenda kijijini kuyaonyesha. Sisi tuliobaki tunaonyeshana spika. Asubuhi nilipita Lubaga nikaona watu wanaosali mara moja kwa mwaka wamejipanga mbele ya kanisa kupiga picha, wamempa Mungu kisogo wanatabasamia simu. Nikawaambia wasogee kidogo, msalaba hauonekani. Wakanishukuru! Hata tusi hawalijui wakilisikia.

Mimi ni MC. Nilisoma mpaka P7, darasa la saba, halafu mdomo ukaendelea peke yake. Nashika maiki kwenye harusi, kwenye bethdei, hata kwenye mazishi, maana kwetu maiti haizikwi hivi hivi, lazima awepo mtu wa kupanga nani aongee baada ya nani na kuwanyang'anya wanasiasa maiki. Kazi ninaijua. Kuna maneno ninayofungulia kila shughuli, yananitoka hata nikiwa usingizini: "Kabla ya yote, makofi kwa mama aliyepika!" Watu wanapiga makofi, akina mama jikoni wanapiga vigelegele, siku inaanza.

Mwaka huu mama yangu akafa. Ukoo ukakaa, ukajadili jeneza saa mbili, ukajadili MC nusu dakika. Dada yangu mkubwa akasema, "Tulete mtu wa nje wa nini, na huyu yuko?" Basi nikapewa maiki kwenye mazishi ya mama yangu. Na mimi, mpumbavu, nikafungua mdomo kama siku zote: "Kabla ya yote, makofi kwa mama aliyepika!"

Watu wakapiga. Kijiji kizima. Halafu makofi yakapungua, yakawa machache, wakaanza kuangalia lile sanduku, kwa sababu mama aliyepika alikuwa humo. Alikuwa amepikia askari polisi posho, huo ugali wetu, na maharage kambini miaka yote niliyomjua, na sasa tunampigia makofi amelala.

Mtu mwenye akili angelia hapo. Mimi nikatoa kichekesho. Watu wakacheka, shughuli ikapona. Tulipomaliza, dada yangu akaja karibu, macho yamevimba, akaniambia polepole, "Wewe hata kulia hukulia." Akaondoka. Mpaka leo akinipigia simu anauliza hali ya hewa tu.

Na alisema kweli. Sikulia pale, sikulia baadaye. Kitu kilikaa hapa, chini ya shingo, kama tonge la posho kavu lililokataa kushuka. Kulia kwenye muzigo haiwezekani. Ukuta mwembamba, ukipiga chafya jirani anakujibu pole. Wakinisikia nalia watafikiri nafanya mazoezi. Wataniambia, "MC, hiyo kali, rudia!"

Kwa hiyo nikapanga. Siku ya baada ya Krismasi, wote wakiwa na matumbo yamejaa, naenda kwenye ule msitu wa njia ya Masaka, natafuta mti, nalia, namaliza, narudi. Kazi ya saa moja.

Mtu wa boda akaniuliza, "Msituni? Kuna mtu anakungoja huko?"

"Hakuna."

"Basi umeua."

"Bado."

Akaongeza mwendo mpaka tulipofika. Nikashuka. Akasema, "Ssebo, bwana mkubwa, vua kwanza helmeti yangu, isije ikawa ushahidi." Akageuza pikipiki, akaenda bila kuangalia nyuma.

Getini palikuwa na kibanda cha mabati, meza, kitabu cha wageni, na mama mmoja askari wa misitu, nguo ya kijani, buti, uso hauna Krismasi hata kidogo. Kitabu kile kilikuwa na mahali pa jina, mahali pa simu, na mahali pa sababu ya kuja. Nchi hii hata ukienda chooni kuna kitabu, kinataka sababu. Waliotangulia walikuwa wameandika maombi, picha, maombi, pikiniki, picha. Mimi nikaandika: kutembea.

Akasoma. "Kutembea kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi, afande."

"Kwani huko mnatoka hakuna barabara?"

"Ipo, lakini imejaa watu na kuku."

Hakucheka. Nimezoea mtu akikataa kucheka mara ya kwanza, ya pili namchukua. Nikasema, "Afande, nimekuja kuangalia kama miti nayo imepewa likizo."

Hakucheka tena. Nikamchukia hapo hapo.

"Umezaliwa kambini, wewe," akasema.

"Umejuaje?"

"Raia hawasimami hivyo. Na hawasemi afande mara mbili." Akachukua kalamu, akafuta neno langu kwa mstari mmoja. "Mtu wa kutembea tu, peke yake, siwezi kumruhusu. Mtu kama huyo tunamtafuta kesho yake na tochi. Watu wa kuangalia ndege ndio wanaenda peke yao. Andika ndege."

"Mimi ndege namjua kuku tu."

"Andika ndege."

Nikaandika ndege. Nikaingia msituni nikiwa mtaalamu.

Sasa wewe unafikiri msitu una miti. Una watu! Hatua mia hazijaisha nikakuta bibi harusi amekaa kwenye mzizi, gauni limeshikwa na miiba, bwana harusi anambeba mgongoni kwa ajili ya picha na anapumua kama lori la mchanga. Mpiga picha anawapigia kelele, "Onyesheni mapenzi!" Nilipita. Mbele kidogo kuna watu wa maombi, kama thelathini, wameshika miti wanaitikisa, wanafukuza mapepo kwa sauti zao zote: "Toka! Toka! Toka!"

Nikatoka mimi.

Nikafuata kinjia chembamba, nikapita matope, nikapita gogo, mpaka zile sauti zikawa mbali. Mti mkubwa ulikuwa hapo, mizizi yake imesimama kama ukuta, katikati pana nafasi ya mtu mmoja. Nikaingia, nikakaa. Kimya. Jani likianguka unalisikia. Nikasema haya, tuanze.

Kulia kwa makusudi kugumu. Nilianza na mambo makubwa, jeneza, kaburi, hakuna kitu. Nikajaribu kukunja uso, nikajiona mjinga. Halafu bila kutafuta nikakumbuka mwiko wake. Mama alikuwa na mwiko mrefu wa kusongea posho, haukuwa unatoka mkononi. Alikusalimia nao, alikuita nao, alikupiga nao, akaendelea kusonga. Na mimi mtoto nilikuwa nasimama mlangoni nawaiga mapolisi wanavyotembea, yeye anageuza uso ukutani nisione anacheka. Tonge likapanda. Likafika hapa. Macho yakaanza kuuma, nikasema asante Mungu, linakuja.

"HALOO! HALOO! Wani-tuu, wani-tuu!"

Jenereta. Maiki. Spika, msituni! Nyuma ya mti wangu, hatua chache tu, palikuwa na uwanja wa pikiniki, na mimi mtaalamu wa ndege sikuuona. Tonge likarudi chini kama lifti.

Nikatoka kwenye mizizi nimekasirika, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Kulikuwa na watu kama hamsini wamevaa fulana za rangi moja, wafanyakazi wa duka moja la magodoro, wameletwa kufurahi kwa amri. Bosi wao ni Mkenya, mrefu, ana filimbi shingoni kama refa. Akaniona.

"Aisee! Si wewe ndiye ulifanya ile harusi ya Lubaga? MC! Mungu ni mkubwa, bro. MC wetu ametupiga chenga, simu amezima."

"Leo niko kwa ndege," nikamwambia.

"Dakika tano tu, ndugu yangu. Hawa watu wamekaa kama wako kwa daktari."

Wale wafanyakazi wakaanza: "MC! MC! Toa moja!" Mama mmoja mwenye sahani ya muchomo, nyama ya kuchoma, akapiga kelele, "Anajifanya mkubwa! Mdomo wenyewe ndio kazi yake, sasa anauficha wa nini?"

Ningekataa. Mtu mwingine angekataa. Lakini mimi ukininyooshea maiki ni kama kumnyooshea mbwa mfupa, na ndiyo maana nawadharau mbwa. Nikaishika. Nikapiga kifua, nikafungua mdomo, na mdomo haukuniuliza:

"Kabla ya yote, makofi kwa mama aliye..."

Na hapo likapanda lote. Halikubisha hodi. Nililia ndani ya maiki, kwenye spika mbili kubwa, kamasi na kila kitu, sauti kama ya mbuzi. Msitu mzima ulinisikia. Hata wale wa maombi walinyamaza.

Unajua wale watu wa magodoro walifanya nini? Walicheka. Walicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye nyasi. "Banange, jamani, huyu mtu atatuua!" Yule mama wa muchomo akafuta machozi kwa mkono wenye mafuta, akasema, "Angalia anavyotoa machozi ya kweli!" Bosi ananirekodi. Nikizidi kulia, wanazidi kupiga makofi. Nimechekesha watu miaka mingi kwa jasho, sijawahi kupata makofi kama yale. Sijawahi kuwaona binadamu wajinga kama wale.

Halafu jenereta ikazima.

Askari wa misitu alikuwa amesimama pale, mkono kwenye swichi. Uso ule ule wa getini. "Nani aliruhusu jenereta?"

"Madam," bosi akasema, "sisi tulilipa."

"Mlilipa pikiniki. Kwenye kitabu mmeandika pikiniki. Jenereta si pikiniki."

"Lakini programu yetu..."

"Hakuna programu. Kuleni." Akanigeukia. Nilikuwa bado nimeshika maiki iliyokufa. Akaichukua kutoka mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaelekeza kidole ndani zaidi, kule kinjia kinakoishia. "Na wewe umeandika ndege. Ndege wako huko. Nenda."

Sikusema hata asante. Nilienda. Nyuma yangu nilimsikia mmoja anauliza, "Sasa hatatoa nyingine?" na bosi anamjibu, "Hao wasanii wana kiburi."

Nikatembea nalia, sikukaa chini ya mti, sikupanga kitu. Nililia kwa mama, kwa mwiko, kwa yale makofi. Na kwa sababu nilikuwa sioni ninapokanyaga, nikakanyaga njia ya siafu.

Siafu hawajali msiba. Walipanda mpaka kwenye mapaja kabla sijajua. Nikatoa viatu, nikatoa suruali, nikaruka kama mtu wa ngoma, nalia, natukana, nabandua siafu mmoja mmoja, niko na chupi katikati ya msitu siku ya sikukuu. Na hakukuwa na mtu. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Hakuna simu iliyoinuliwa, hakuna fulana, hakuna wa kusema MC, toa moja. Miti tu, na juu kabisa ndege mmoja ambaye sijui anaitwa nani.

Mama angecheka mpaka aweke mwiko chini, na yule alikuwa haweki mwiko chini kwa ajili ya mtu.

Huko nyuma jenereta ikaanza tena. Nikaendelea kutoa siafu, sikuwa na haraka.