Mashini bila uzi

Ile mambo yote ilinikula metre tatu ya kitambaa ya kaki, vifungo sita, na usingizi ya miezi munane. Nimehesabu mara mbili. Na kitambaa haikukuwa yangu.

Siku ya kwanza mu kazi ya kushona, hapa mu muji, mu mutaa ya Kamalondo, fundi mukubwa alinikalisha ku mashini, mbele hata ya kunionyesha sindano. "Wee, mashini isinyamaze. Muntu akipita mu barabara, asikie kazi iko."

Nilipofungua mulango ya duka yangu mwenyewe, krizi, ile shida ya feza na kazi, ikaingia pamoja na mie. Bantu habakushona tena nguo. Balileta kola tu tugeuze, upande imechakaa iende ndani. Mu nyumba tukakata vilevile: kwanza samaki ya kukausha ya Kilwa, ya kule ziwani, kisha sukari, kisha mafuta ya taa. Bibi yangu, mama ya Maria, alipima unga ya bukari na kikombe, mi napima nyuma yake.

"Baba Maria, unapima bukari kama suruali!"

Lakini njaa haikukuwa woga yangu. Muntu asiye na kazi, bapolisi balimurudisha ku mugini, kule kijijini, na batoto yake yote. Mwashi mumoja, muntu wa mugini ya Lukafu, aliniletea kaki nimushonee koti. Nilimupima leo, kesho yake balimupandisha gari ya kurudi kwao. Bapolisi balipita kila asubui. Uzi ikaisha, na feza iliyobaki ilikuwa ya unga. Basi nikaendesha mashini bila uzi, siku muzima, juu ya kitambaa ya zamani. Tak-tak-tak. Kila viatu mu barabara, nakanyaga zaidi.

Siku moja viatu bilisimama. Shefu wa site, ule mwenye kuamua nani abaki mu muji, akaingia, yeye mwenyewe.

"Unashona nini?"

"Koti, bwana."

"Na uzi?"

Mikono ikashika ile kaki ya mwashi. "Nilikuwa nangoja kupima, bwana. Koti iko yenu."

Aliangalia sindano. Kisha akainua mikono, nimupime.

Uzi na vifungo nilinunua na feza ya unga ya siku ine. Bibi yangu akauliza: "Leo tunakula koti?" Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Lakini tulibaki mu muji.

Sasa macho haioni tena tundu ya sindano, nimeacha kazi. Mwashi hakurudi tena. Wewe unayesoma, kama babu yako alikuwa mwashi wa Lukafu, mwenye kidole moja fupi ku mukono ya kushoto, kuja kwangu, nitalipa ile kaki. Ila unishauri kwanza: nilipe bei ya ile wakati, ao ya leo? Nimehesabu zote mbili, na zote mbili zinaniogopesha.